Nani Apewe Nyumba Namba Saba

Sogeeni karibu. Aliyesoma sana akae pembeni kidogo, maana watu hao huinua mkono kabla swali halijafika. Swali lipo, na ni gumu kuliko mitihani yenu yote, kwa sababu majibu yake hayapo nyuma ya kitabu. Limeshawanyamazisha watu wenye shahada mbili mbili mpaka chai ikapoa mbele yao. Asiyejua kusikiliza akalale mapema, wengine tuendelee.

Huko nyanda za juu, ambako asubuhi ya Juni maji ya kwenye ndoo huganda, kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana inaitwa Itundulu. Mabweni manne, jiko moja, geti moja. Walimu walikuwa wengi na kila mmoja alijiona ndiye anayeibeba shule. Waachieni mawazo yao. Hadithi hii ni ya watumishi watatu wasioshika chaki, ambao kila mmoja alijaliwa jambo lake.

Wa kwanza ni Bupe, karani wa udahili, yule anayepokea fomu za wasichana wapya na kuwaandika kwenye daftari kubwa la shule. Bupe alijaliwa nyuso. Akiitazama picha ya pasipoti mara moja, basi, imeshakaa. Na msidhani ni kazi ndogo. Msichana anapiga picha akiwa na misuko yake na tabasamu lake la kwao, halafu anaingia Itundulu akiwa kipara, ndani ya sweta la kijani linalomfika magotini. Wakisimama mia na ishirini pamoja wanafanana kama mayai ya trei moja. Walimu huwachanganya mpaka Pasaka. Bupe hajawahi kumchanganya hata mmoja. Kuna mama mmoja, mtu mzima na kibanda chake sokoni, Bupe alimsimamia mbele akamwambia, wewe ulikaa bweni la Tausi, na ulikuja shuleni bila kwanja la kufyekea. Yule mama akaona haya mbele ya wateja wake, akampunguzia bei ya viazi.

Wa pili ni Mzee Kyando, mlinzi wa getini kwa miaka ishirini na miwili. Kusoma hajui wala hafichi. Lakini alijaliwa hesabu. Siku ya kupokea wasichana wapya, mfuko wa kulia wa koti lake unajaa punje za mahindi, na kila msichana mgeni anapovuka geti, punje moja inahamia kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililo miguuni pake. Jioni anamwaga punje juu ya gunia na kuzihesabu mara mbili. Ukimuuliza mwaka juzi waliingia wangapi, atakwambia. Ukimuuliza mbuzi wa mwalimu wa kilimo walitoka wangapi na kurudi wangapi, atakwambia pia, ndiyo maana mwalimu wa kilimo hampendi.

Wa tatu ni Asajile, dereva wa pikapu ya shule, ambayo wasichana waliibatiza Bibi Kikohozi. Asajile alijaliwa tope. Mnacheka, lakini nendeni Itundulu mwezi wa Januari mkaone. Kule mvua ikinyesha siku tatu, barabara inakuwa uji. Madereva wenye magari mapya wanakaa kando wakisubiri trekta, na Asajile anawapita akipiga mluzi. Anashuka, analigusa tope kwa kidole cha mguu, anasema hili linataka gia ya pili, lile linataka matawi ya mkaratusi. Hajawahi kulala njiani. Na mdomo anao vilevile, lakini huo hakujaliwa, huo aliuokota mwenyewe stendi.

Sasa jambo lenyewe lililokuwa linauma. Itundulu ina nyumba saba za watumishi, na kwa desturi zote ni za walimu. Wengine wanajishikiza. Mzee Kyando alilala kwenye kibanda cha getini, na mkewe, mwenye kifua kibovu, aliishi peke yake ng'ambo ya vilima viwili. Asajile, mkewe na mapacha wao walipanga chumba nyuma ya kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, ambako watoto walijifunza matusi kabla ya kuhesabu. Na Bupe alikaa mwisho wa bweni la Tausi, kwenye kijichumba kilichozibwa kwa plaiwudi na pazia, akisikia wasichana arobaini wakikohoa.

Bupe alikuwa na mtoto wa kiume, Gwamaka, miaka sita. Kanuni ilikuwa wazi: mtoto wa kiume haishi bweni la wasichana, hata awe wa nani. Kwa hiyo Gwamaka aliishi Kyela kwa bibi yake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Likizo ya Desemba Bupe alipofika, mtoto alitoka mbio, akasimama ghafla, akamwamkia kwa adabu zote: shikamoo shangazi. Mama aliyemzoea alikuwa bibi. Bibi akacheka. Bupe naye akacheka, halafu akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Mwezi huohuo mwalimu wa fizikia akahama, na nyumba namba saba ikabaki tupu. Vyumba viwili, jiko la nje, mparachichi mlangoni. Bupe akaandika barua ya kuiomba. Akajibiwa kwa heshima kwamba nyumba ni za walimu.

Twende Januari. Siku ya kuripoti, Itundulu ina utaratibu wake. Msichana anakuja na tranka, godoro, ndoo, jembe, kwanja na fagio. Wasichana wakishavuka geti hawatulii. Huyu kaenda chooni, huyu anamlilia baba yake, huyu kajificha asinyolewe. Matranka yanatulia. Kwa hiyo tangu zamani karani hapangi foleni ya watu, anapanga foleni ya matranka. Anafungua, anahakiki vitu na fomu iliyobandikwa ndani ya kifuniko, anaandika namba ya kitanda kwa chaki, anatia tiki kwenye daftari. Tranka limefika, basi mwenyewe kafika. Kwa miaka yote hiyo utaratibu haukuwahi kuwaangusha.

Mwaka huo Bupe alitia tiki mia na ishirini, daftari likajaa. Akafurahi, akanywa soda.

Wiki mbili zikapita. Jumatano moja ikaja taarifa kwamba Ijumaa saa nne asubuhi afisa wa elimu atafika kuhesabu wanafunzi wapya kichwa kwa kichwa, alinganishe na daftari. Mnajua hofu yake. Jina likionekana kwenye daftari na mtu hayupo, huyo anaitwa mwanafunzi hewa, na aliyemwandika ana maelezo marefu ya kutoa. Bupe hakuwa na wasiwasi. Saa ya chai alikuwa anaisoma ile taarifa kwa sauti, mia na ishirini wote wawe paredi, Mzee Kyando alipotia neno kutoka mlangoni, kikombe mkononi.

"Mia na kumi na tisa, mwanangu."

Chumba cha chai kilicheka vizuri sana. Asajile ndiye aliyecheka kuliko wote. Akamwambia mzee huenda panya kala punje moja, au kaila mwenyewe kwa njaa za getini. Mzee Kyando hakubishana. Alisema tu kwamba yeye alihesabu walioingia kwa miguu yao, na wa mwisho alikuwa wa mia na kumi na tisa. Akamalizia chai, akarudi kazini.

Bupe alicheka na wenzake. Lakini saa ya chakula cha mchana akaingia bwaloni na kuanza kupita meza hadi meza. Hakuuliza jina. Alikuwa anatazama vipara vilivyoinamia maharage, na kila uso akiuweka juu ya picha yake kichwani. Huyu yumo. Huyu yumo. Huyu alikuwa na hereni kwenye picha, yumo. Alipofika meza ya mwisho, ikabaki picha moja haina mtu: msichana mwenye paji pana na kovu dogo juu ya nyusi, Ezelina Mahenge, kitanda namba thelathini na nane, bweni la Tausi. Bweni analolala yeye mwenyewe.

Akakimbilia bwenini. Chini ya kitanda thelathini na nane tranka lilikuwepo, namba ya chaki haijafutika, kufuli haijaguswa tangu siku ya kuripoti. Msichana wa kitanda cha juu alipobanwa alisema kwamba kila jioni jina likiitwa yeye ndiye aliyeitikia. Alidhani mwenzake kalazwa zahanati, na hapo Itundulu humwachi wa kitanda chako apewe adhabu. Mnaona mambo hayo? Huruma ya mtoto ikamweka bwenini mwanafunzi asiyekuwepo wiki mbili nzima.

Bupe akampelekea Asajile jina hilo, na Asajile akajishika kichwa. Akakumbuka. Siku ya kuripoti alipofuata matranka thelathini stendi, utingo mmoja wa basi alimkabidhi moja na ufunguo wake, akamwambia mwenyewe kakosa kiti, anakuja na basi la kesho. Asajile akalipakia, akaitikia sawa, akasahau.

Njia ya mkato ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Mwalimu wa taaluma alimshauri Bupe waazime msichana wa kidato cha pili, wamnyoe, wamsimamishe paredi dakika kumi, biashara iishe. Bupe aliwaza. Mngekuwa ninyi msingewaza? Kisha akaenda ofisini kwa Mkuu wa shule, Mama Luvanda, akaweka daftari mezani na kusema tiki ya huyu niliitia mimi bila kumwona. Mama Luvanda si mtu wa kelele. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia Ijumaa saa nne akisimama msichana mwenyewe, yamekwisha. Asiposimama, Bupe atafute kazi nyingine na nafasi ya Ezelina ipewe wa akiba.

Alhamisi alfajiri Bibi Kikohozi akakohoa akaondoka. Kwa kina Ezelina ni saa nne za barabara wakati wa kiangazi, na huu haukuwa wakati wa kiangazi. Daraja la mto lilikuwa limekwenda na maji, na ndilo lililomzuia msichana kupanda basi la kesho yake. Madereva wengine walikuwa wamekaa ukingoni wanachoma mahindi. Asajile akafuata mto juu kwa zaidi ya kilomita kumi na tano, akatafuta mahali maji yanapotanuka, akavua suruali, akavuka kwa miguu akilipima tope kwa kidole, akarudi kulichukua gari. Mara mbili maji yaliingia ndani ya gari mpaka miguuni pake. Mara moja alikata matawi mpaka viganja vikachubuka. Alifika jioni, hana rangi ya mtu.

Ezelina alikuwa shambani kwa shangazi yake akichuma chai. Baba yake, mtu wa msimamo, alimpokea Asajile vizuri, wakapeana kamwene, salamu ya huko, akamletea maji ya kunawa na kiti, kisha akasema haiwezekani. Barua ya shule iliandika asiyeripoti ndani ya siku saba amepoteza nafasi. Yeye si mtu wa kuombaomba. Siku saba zilipita mto ukiwa umefurika, ameshakubali, asije mtu kumchezea binti yake.

Asajile, aliyezoea kuongea saa nzima, safari hii aliongea kidogo.

"Baba, ile barua iliandikwa na dada Bupe. Na mimi nimetumwa na dada Bupe huyohuyo. Sasa utaamini karatasi yake, au gari lake lililokufuata mpaka mlangoni na matope yote haya?"

Mzee Mahenge alilitazama lile gari muda mrefu. Kisha akamwambia mkewe amfungie mtoto viazi vya njiani.

Ijumaa saa nne kasorobo wasichana walikuwa paredi, wamenyooka mistari sita. Bupe alisimama mbele na daftari, mstari wa tatu una pengo. Afisa alikuwa anamalizia chai kwa Mkuu. Ndipo kikasikika kikohozi kinapanda kilima. Mzee Kyando alifungua milango yote miwili ya geti, akamwona msichana akishuka, akatia mkono mfukoni, akadondosha punje moja kwenye kopo. Bupe hakuhitaji kuuliza. Paji pana, kovu juu ya nyusi. Akamsukuma kwenye pengo lake na nywele zake na matope yake. Afisa akahesabu, akahesabu tena, mia na ishirini. Akauliza kwa nini mmoja hajanyolewa, akajibiwa maji ya moto yalichelewa, akasaini, akaondoka akiwasifu.

Kama mnadhani hapo ndipo mwisho, ninyi ndio wale wa kutoka kabla ya maswali.

Jumatatu Mama Luvanda aliwaita wote watatu. Juu ya meza kulikuwa na ufunguo wenye kipande cha kopo la bati, na namba saba imechongwa juu yake. Alisema bodi imekubali, kwa mara ya kwanza tangu shule ianze, nyumba moja iende kwa mtumishi asiye mwalimu, yule aliyeiokoa shule na aibu ya Ijumaa. Mmoja. Nyumba haigawanyiki, na kuishi familia mbili bodi imekataa. Wajieleze.

Mzee Kyando alitangulia kwa umri wake. Alisema bila hesabu yake hakuna ambaye angejua kuna pengo. Wangesimama paredi wakiwa wamechana nywele, wanatabasamu, afisa ndiye angewaambia. Aliyeliona tundu kwenye paa, alisema, ndiye aliyeiokoa nyumba na mvua.

Bupe akasema, kwa upole maana mzee alikuwa kama baba yake, kwamba mia na kumi na tisa haina jina. Kijiji kipi Asajile angeendesha? Angebisha hodi mlango gani kati ya milango mia na ishirini iliyotawanyika mikoa mitatu? Na kwenye pengo lile lingeingia kichwa chochote cha kuazima kama yeye asingeukataa ushauri.

Asajile akasema afisa hakuhesabu punje wala hakuhesabu picha za kichwani kwa mtu. Alihesabu vichwa, na kichwa cha mia na ishirini kilishuka kwenye pikapu. Akawaonyesha viganja.

Hapo ndipo walipoanza kuchokozana, na ukweli mwingine ukatoka. Bupe alimkumbusha Asajile kwamba kama maneno ya utingo yangefika ofisini siku ileile, mto usingevukwa. Asajile akamjibu na tiki nani aliitia, dada yangu, mimi? Wakageuka wote wawili kwa mzee. Mbona alikaa na punje zake wiki mbili kimya?

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Mzee Kyando. "Mlinzi haingii ofisini kuwafundisha watu hesabu. Nilipotia neno si mlicheka?"

Mama Luvanda aliutazama ufunguo, akawatazama wao, na mimi nawaambieni yule mama ni mjanja kuliko anavyoonekana. Mzigo uliomshinda aliushusha kwenye kichwa cha mwingine. Alisema hapo shuleni kila barua ya kumpa mtu nafasi, iwe ya darasa au ya kitanda, huandikwa na ofisi ya udahili, na hii nayo ni barua ya nafasi. Bupe aiandike. Ailete kabla ya kengele ya chakula, na jina lolote litakalokuwemo, yeye Mkuu atalisaini bila kuuliza.

Bupe akasema haiwezekani, yeye ni mmoja wa wanaoomba. Mkuu akamjibu kwamba anajua.

Asajile alifikiri kidogo, akasema yeye anakubali, dada Bupe hajawahi kumdhulumu mtu nafasi. Akaongeza kwamba yeye anajua kusoma, kwa hiyo aandike vizuri. Mzee Kyando akachukua kofia yake.

"Andika, mwanangu," akasema. "Mimi sijui kusoma. Ukimaliza utanisomea."

Wakatoka. Mmoja akaenda getini, mmoja akaenda kuikagua Bibi Kikohozi iliyokuwa inavuja mafuta. Bupe akaketi kwenye meza yake na karatasi yenye nembo ya shule. Akaandika tarehe. Akaandika kwamba uongozi unayo furaha kumpatia nyumba namba saba ndugu, akaacha nafasi, akaandika kuanzia siku ya leo. Aya zote zikakamilika. Simu ilikuwa kando yake, na Kyela palikuwa na mtoto ambaye darasa la kwanza limeanza mwezi huo, angeweza kulisoma hapahapa, akalala chumba kimoja na mama yake na kumwita kwa jina lake la haki. Dirishani ilionekana barabara ya kilima, ile anayoipanda Mzee Kyando kila Jumamosi kumpelekea mkewe dawa. Huko nje Asajile alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana.

Alikiondoa tena kifuniko cha kalamu. Akaiweka ncha kwenye ile nafasi. Mpishi ameshatoka jikoni na chuma chake, anaelekea kwenye rimu la lori linalogongwa kama kengele.

Haya, ndugu zangu, kalamu hiyo nimewapa ninyi. Nafasi ni moja na majina ni matatu. Mngeandika la nani? Na kama ni lako mwenyewe, ungetoka ukamsomee mzee kwa sauti gani?